Januari ya Kaoze: Kumwandaa Mtoto wa Darasa la Awali Katikati ya Palizi

Kata ya Kaoze, katika Wilaya ya Sumbawanga mkoani Rukwa, imo ndani ya Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, yaani ukuta wa milima unaolitenga bonde hilo lenye joto na uwanda wa juu wa Ufipa wenye baridi. Barabara itokayo Muze kupitia Ilemba huipita Kaoze kabla ya kufika Kilyamatundu, ambako Daraja la Momba huunganisha Rukwa na Songwe. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, huanza Novemba na kukatika Aprili, kwa hiyo Januari ndio mwezi ambao mahindi yanadai palizi, mpunga unadai maji na mikono, na akiba ya chakula cha mwaka uliopita inaelekea ukingoni. Mwezi huohuo ndio shule hufunguliwa. Kumwandaa mtoto wa miaka mitano kwa darasa la awali, yaani mwaka mmoja wa masomo unaotangulia darasa la kwanza, ni kazi inayoiangukia familia ya mkulima katika siku ambazo hazina hata saa moja ya ziada, na makala haya yanashikilia kwamba gharama yake kubwa ni muda kuliko fedha, na kwamba muda huo kwa sehemu kubwa hutolewa na mama.

Darasa lenyewe lina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Katika miaka ya vijiji vya ujamaa watoto wadogo waliachwa kwenye vituo vya kulelea watoto mchana, ambavyo Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ulivihimiza ili kina mama wapate nafasi ya kwenda shambani, na sheria ya mwaka 1981 ikaviwekea utaratibu wa kusajiliwa na kukaguliwa. Wazee bado wanaviita vidudu au chekechea, na si vibaya kukumbuka kwamba vilibuniwa kwanza ili kumpunguzia mama mzigo, ndipo elimu ya mtoto ikafuata. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi wa nchi; sera ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja; na toleo la 2023 la sera hiyo, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua mwaka 2025, limeubakiza mwaka huo mmoja kabla ya miaka sita ya elimu ya msingi. Nchini Kenya mtoto hupitia madarasa mawili, PP1 na PP2, yanayosimamiwa na serikali za kaunti, na Zanzibar nako sera ya mwaka 2006 iliweka miaka miwili. Mtoto wa Kaoze ana mwaka mmoja tu, na kila wiki anayochelewa kuanza inakatwa humo humo.

Tangu Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, shule za serikali hazitozi ada kuanzia awali, na michango ya lazima iliyokuwa ikiwachosha wazazi ilipigwa marufuku. Hata hivyo utaratibu huo, ambao wananchi wengi huuita elimu bure, ulimwachia mzazi sare, madaftari, penseli, matibabu na chakula cha mtoto. Kila kimojawapo cha vitu hivyo, kikitazamwa peke yake, ni kidogo. Uzito wake huonekana pale vyote vinapotakiwa pamoja, na mtu mmoja, ndani ya siku mbili au tatu za mwisho kabla ya kengele ya kwanza.

Kwa utaratibu uandikishaji huanza mapema, kwa kawaida Oktoba, lakini Oktoba bondeni ni mwezi wa kusafisha mashamba na kusubiri mvua, na familia nyingi hulipeleka jambo hilo mbele hadi sikukuu za mwaka mpya zipite. Mwalimu mkuu anapomwandikisha mtoto hutaka uthibitisho wa umri, na hapo ndipo mama hutafuta kadi ya kliniki, ile inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa, chanjo zilizotolewa na mstari wa uzito uliochorwa mwezi hadi mwezi. Kadi hiyo hutunzwa pamoja na nyaraka nyingine za thamani za kaya, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, chini ya godoro au juu ya dari, na si ajabu kuikuta imeliwa na mchwa pembeni, tarehe ikiwa imesalimika kwa bahati. Cheti cha kuzaliwa ni suala jingine. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulianzisha Mbeya, mwaka 2013, mpango wa kuwasajili bure watoto wa umri chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, na mpango huo umekuwa ukipelekwa mkoa kwa mkoa. Mtoto aliyekwisha kuvuka umri huo bila kusajiliwa hufuata njia ndefu zaidi, yenye ada na safari ya wilayani. Mama anayegundua upungufu huo Januari amekwisha kupoteza siku ya palizi, na pengine atapoteza ya pili.

Kadi ikikosekana, vijiji vingi vya Tanzania vina kipimo cha zamani ambacho hakimo katika waraka wowote lakini kila mtu anakijua: mtoto husimamishwa wima, hupitisha mkono wa kulia juu ya utosi, na hutakiwa kulishika sikio la kushoto kwa ncha za vidole. Akilifikia, umri umetimia; asipolifikia, arudi nyumbani akale ugali. Kipimo hiki kina mantiki yake, kwa kuwa kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kwa uwiano wa mwili wake na mikono humrefuka baadaye, kiasi kwamba wengi hulifikia sikio karibu na umri wa miaka sita au saba. Kasoro yake ni kwamba hupima ukuaji badala ya umri, na katika mkoa wa Rukwa mambo hayo mawili yameachana kwa namna inayostahili kuangaliwa kwa kituo.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Utafiti uliotangulia, wa 2015 na 2016, ulikuwa umeiweka Rukwa kwenye asilimia 56. Takwimu hizi zinatoka katika mkoa unaohesabiwa miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi, wenye maharage na ulezi huko uwandani, mpunga na ufuta huku bondeni, na samaki wa ziwani. Kwa hiyo maelezo ya kwamba watu hawana chakula hayatoshi. Udumavu hujengwa hasa katika siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na katika kipindi hicho mtoto wa bondeni mara nyingi hulishwa uji mwepesi wa mahindi matupu, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kuwa anayemlisha yuko shambani kuanzia alfajiri na aliyebaki naye nyumbani ni dada wa miaka minane. Malaria na kuhara humalizia kazi. Mtoto wa namna hiyo anapofikishwa mbele ya kipimo cha sikio akiwa na miaka mitano au sita kamili, mkono wake hauonyeshi umri wake, na mwalimu anayeuamini mkono kuliko kadi humrudisha nyumbani mtoto anayehitaji darasa na uji wa shule kuliko wenzake wote. Hapa lawama haina budi kusemwa waziwazi: kipimo cha sikio, kilichozoeleka hadi kikawa kama mzaha wa kijiji, katika mkoa huu ni dhuluma, na ofisi ya elimu ya kata inayokifumbia macho inashiriki.

Siku ya maandalizi yenyewe, ambayo mara nyingi ni Jumamosi au Jumapili ya mwisho kabla ya kufungua shule, ina mpangilio unaofanana kutoka kaya moja hadi nyingine. Mama huamka kabla ya jogoo wa pili, hukoka moto, huchota maji na kwenda kupalilia mistari michache kabla jua halijawa kali, kwa sababu magugu hayasubiri. Akirudi, mtoto hunyolewa. Shule za serikali hutaka vichwa vilivyonyolewa kwa wavulana na wasichana sawia, na kwa asiye na hela ya saluni kazi hufanywa uani kwa wembe na povu la sabuni ya kipande, mtoto akiwa amebanwa kati ya magoti ya shangazi, akilia kidogo kwa desturi na kunyamaza akiahidiwa andazi. Kucha hukatwa kwa wembe uleule. Baada ya hapo huja madaftari, ambayo kaka au dada aliyeko darasa la nne huyajalidi kwa gazeti au mfuko wa karatasi wa saruji, na kuandika jina kwa mwandiko wa kujionyesha. Penseli hukatwa vipande viwili, kimoja kikabaki nyumbani, kwa hesabu kwamba mtoto wa awali hupoteza kimoja kabla ya Ijumaa. Fagio husukwa, kidumu cha maji cha lita tatu huoshwa kwa mchanga, kwani navyo ni sehemu ya vifaa vya shule ijapokuwa havitajwi kwenye sera.

Sare ndiyo mlima wa siku hiyo. Fundi cherehani wa kwenye baraza ya duka, ambaye miezi mingine hushinda akipiga soga, Januari huwa na mrundo wa vitambaa vya bluu na vyeupe unaomfika kiunoni, na mteja anayekuja siku mbili kabla ya shule kufunguliwa huambiwa arudi jioni, kisha kesho. Vipimo havichukuliwi kwa mwili wa mtoto alivyo. Mama huagiza kaptura au sketi ya mtoto wa miaka minane, ikunjwe upindo mpana wa vidole vinne na kushonwa kwa mishono mirefu iliyo rahisi kufumuliwa, ili mwaka unaofuata uteremshwe; ndiyo maana katika darasa la kwanza mtu huweza kuwatambua waliopitia awali kwa ule mstari wa bluu iliyokoza unaobaki pindoni, mahali ambapo jua halikufika. Familia yenye kijana mkubwa hurithisha. Isiyo naye hununua mitumba mnadani, yaani kwenye soko la siku maalumu linalohama kijiji hadi kijiji, ambako shati jeupe la Ulaya hukatwa kola na kugeuzwa la shule.

Katika mgawanyo huo wa kazi baba ana nafasi yake, nayo haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa ndiye mara nyingi anayeuza kuku au debe la mahindi ili fedha ya kitambaa ipatikane, na katika kaya za wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni ndiye anayeamua kama mtoto wa kiume aende shule au aanze kufuata ndama. Lakini uamuzi huchukua jioni moja. Utekelezaji hula siku nzima, na siku hiyo haiongezwi popote kwenye kalenda ya shamba. Mstari wa mpunga ambao haukupaliliwa Jumamosi unapaliliwa Jumatatu, siku ileile ambayo mtoto anatakiwa kusindikizwa.

Kinachosikitisha kidogo ni kwamba pilika hizi zote zinahusu vitu ambavyo mtaala wa awali hauvitegemei sana. Mtaala huo, unaotungwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, unamtaka mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo, hadithi na kushika vitu, na unamtaka mwalimu apange kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye zana za aina moja, kama kona ya kuhesabu au kona ya nyumbani. Zana zenyewe ni vizibo vya soda, vijiti, mbegu za ubuyu, mabunzi ya mahindi na makopo, vitu ambavyo kaya ya Kaoze inavyo tele. Mtoto aliyetumwa mara kumi na moja kuhesabu vifaranga, kupanga vikombe au kuchagua mawe kwenye maharage amekwisha kuandaliwa kwa namna ambayo duka haliuzi. Programu ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, imejaribu kulieleza jambo hilo kwa wazazi na kuhimiza wazungumze na kucheza na watoto. Ujumbe ni sahihi. Shida ni kwamba unamfikia mama akiwa na jembe mkononi.

Lugha ni eneo lingine ambalo Jumapili moja haiwezi kulimaliza. Darasa la awali la serikali hufundishwa kwa Kiswahili, ambacho mtoto wa mjini Sumbawanga amekinyonya mtaani, ilhali mtoto aliyekulia kwenye kitongoji cha pembeni, akilelewa na bibi, amezoea Kifipa au Kisukuma na Kiswahili anakijua kwa amri chache na salamu. Wiki zake za kwanza darasani huwa za kimya, na mwalimu asiye mwenyeji huweza kukidhania kimya hicho kuwa ugonjwa au ujinga. Wapo walimu, wengi wao wa kujitolea, yaani vijana wa kijijini wanaofundisha kwa posho inayotoka kwa wazazi, ambao hutafsiri maelekezo papo hapo bila kungoja ruhusa ya mtu, na kwa mtazamo wa makala haya hao ndio wanaoliokoa darasa. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Madarasa ya vijijini huzidi idadi hiyo kwa mbali, hasa Januari, kwa sababu huongezeka pia wadogo wa miaka mitatu na minne waliokuja wakishika mkono wa dada zao. Mwalimu hujua kwamba si wanafunzi wake. Hujua pia kwamba akiwafukuza, dada naye atabaki nyumbani kuwalea. Kwa hiyo huwakalisha nyuma kwenye jamvi, na kituo cha kulelea watoto mchana cha enzi za ujamaa hurudi kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Njia ya kwenda shule huamuliwa na maji. Mito na makorongo yanayoshuka kutoka Lyamba lya Mfipa hukauka kiangazi na kufurika masika, na korongo ambalo Oktoba lilikuwa mchanga mtupu, Januari huweza kumbeba mtu mzima baada ya mvua ya saa moja huko juu mlimani, hata kama bondeni kuna jua. Ni kwa mazingira ya aina hii ambapo serikali imekuwa ikijenga shule shikizi, yaani vituo vidogo vya masomo ya awali na madarasa ya mwanzo vilivyo karibu na makazi na vinavyosimamiwa na shule mama. Fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 za mwaka 2021 zilitengewa madarasa 3,000 ya vituo hivyo nchi nzima, sambamba na madarasa 12,000 ya sekondari. Pale kituo kilipo, mama huokoa saa mbili za kumsindikiza mtoto na kumrudia. Pasipo nacho, mtoto huvushwa mgongoni asubuhi, na mchana, kwa kuwa darasa la awali humalizika mapema kuliko madarasa ya kaka zake, huwasubiri uwanjani hadi watoke, ambapo chakula chake hutegemea kama wazazi walichangia mahindi na maharage ya uji wa shule. Januari ndio mwezi ambao kuchangia ni kugumu kuliko miezi yote.

Malawi, yenye mvua ya msimu mmoja kama Rukwa, kwa kawaida huanza mwaka wa shule Septemba, mavuno yakiwa ndani na makorongo yakiwa makavu. Kuihamisha kalenda ya Tanzania nzima kwa ajili ya bonde moja ni wazo la barazani, kwani mikoa yenye misimu miwili ya mvua na ratiba ya mitihani ya taifa visingekubaliana nalo. Lakini yapo mambo madogo ambayo shule na kamati yake huweza kuyafanya bila kuomba kibali Dodoma: kuandikisha watoto wa awali siku za kliniki, ambako mama amekwisha kufika akiwa na kadi mkononi; kukubali mchango wa chakula cha mwaka mzima Juni, mpunga unapovunwa, badala ya kuudai kidogo kidogo wakati wa njaa; na kuiacha sare ingoje. Kila mwanzo wa mwaka viongozi wa serikali hurudia kauli kwamba mtoto asizuiwe kuanza shule kwa kukosa sare, na kila mwaka mama wa kijijini huona haya kumpeleka mwanawe akiwa na gauni la nyumbani kati ya wenzake wenye bluu na nyeupe, hata kama hakuna aliyemkataza. Wanunuzi wa ufuta hufika bondeni kuanzia Juni. Mama anayesubiri fedha hiyo ndipo amshonee mtoto, humpeleka darasani Julai, akiwa amebakiwa na nusu ya mwaka wake mmoja.